Nani Alimuuliza Mwanafunzi?

Shambulio la Garissa tunalikumbuka kwa idadi: watu 148, wanafunzi 142, Aprili 2, 2015. Jinsi wanafunzi wa Kenya walivyofundishwa kujilinda baada ya siku ile, hilo hatulizungumzii sana.

Siku kumi baadaye, transfoma ililipuka usiku kwenye kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani ni Al-Shabaab. Wengine waliruka madirishani, wengine wakakanyagana. Mmoja alifariki, zaidi ya mia wakaumia, na hakukuwa na gaidi hata mmoja. Novemba 30 mwaka huo huo, Strathmore wakafanya zoezi la usalama, milio ya risasi na kila kitu, na wengi waliokuwa ndani hawakujua ni maigizo. Mfanyakazi mmoja aliruka kutoka ghorofani akafa. Hebu fikiria: unafundisha watu usalama kwa kuwaficha somo lenyewe.

Kuna namna nyingine ya kufundisha. Kule London, chuo cha sanaa cha Central Saint Martins kimekuwa na mradi wa dizaini dhidi ya uhalifu tangu 1999. Zao lake moja ni kiti cha mkahawa chenye mikato miwili mbele, unaning'iniza mkoba hapo, miguu yako inaulinda. Ni kiti tu. Lakini huwezi kukichora kabla hujajua watu hukaaje na mwizi huibaje. Unaanza na anayetumia mahali, ndipo unashika penseli.

Na kwa kweli si lazima twende London. Kaskazini Mashariki ilishaona usalama unaoletwa kutoka juu. Februari 1984, ule ulioitwa operesheni ya usalama uliwaua wanaume wa Degodia kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir. Kwa hivyo koo zilipoanza kupigana hapo Wajir mwanzoni mwa miaka ya 90, kina mama hawakukaa kungoja serikali. Dekha Ibrahim Abdi na wenzake walianzia sokoni, kwa sababu hapo ndipo vita vilipomgusa mwanamke kila siku: mama wa ukoo huu alikuwa hamuuzii wala hanunui kwa mama wa ukoo ule. Wakakubaliana mama yeyote auze na anunue kwa yeyote. Wakachagua kamati ya kuangalia soko kila siku na kuripoti kisa kikitokea. Kitu kidogo, kinachopimika, kinachorekebishika. Kiliposhika wakawafuata wazee, kisha vijana, na mwaka 1993 wazee wakatia sahihi Azimio la Al-Fatah. Kamati za amani ambazo leo ziko kaunti nyingi zimeiga mfano huo.

Hiyo ni dizaini, hata kama hakuna aliyeiita hivyo. Na mwanafunzi wa Garissa anaijua hosteli yake kama mama wa Wajir alivyolijua soko: mlango upi hukwama, kona ipi haina taa, nani huamka kwanza. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, kikawekewa kituo cha polisi. Askari walihitajika, sibishi. Ila askari hajui mlango upi hukwama.

Dekha hakuyaona hayo. Alifariki Julai 2011 baada ya ajali ya barabarani, akiwa safarini kwenda mkutano wa amani, Garissa.