Tulichukua Mahindi, Tukaacha Chokaa

Weka picha ya taco mtandaoni uone. Kabla hujamaliza kutaja bei, Mkenya mmoja ameshasema: "Hiyo ni chapo na kachumbari, umeibiwa." Mimi hucheka pia, maana utani huo hauko mbali na ukweli. Shida ni kwamba umemtaja ndugu asiye wake. Ndugu ya taco jikoni kwetu si chapo, ni ugali. Na ukifuata undugu huo hadi mwanzo, utakuta kuna kitu kimoja kilipaswa kuja huku pamoja na mahindi, na hakikuja.

Mahindi ni mtoto wa Mexico. Miaka kama 9,000 iliyopita, wakulima wa bonde la mto Balsas walianza kuchagua mbegu za nyasi ya porini inayoitwa teosinte, msimu baada ya msimu, mpaka ikawa gunzi tunalolijua. Baada ya safari za Columbus, meli za Ulaya zikabeba mbegu hizo kila upande. Pwani yetu ziliingia wakati wa Wareno, watu wale wale waliojenga Fort Jesus kuanzia 1593. Lakini sikiliza jina tulilowapa: mahindi. Linataja Uhindi, ng'ambo ya bahari. Mexico haimo kabisa.

Bara, kwa muda mrefu baada ya hapo, sufuria ilikuwa bado ya wimbi na mtama. Mambo yalibadilika zaidi wakati wa ukoloni. Walowezi walilima mahindi meupe ya kuuza, na vibarua wa mashambani na kwenye reli wakapewa unga wake kama posho. Halafu 1964 Kitale ikatoa mbegu chotara ya 611, ambayo mzazi wake mmoja alitoka Ecuador. Kwa hivyo ukisema ugali mweupe ni chakula cha mababu, tafadhali taja ni babu yupi. Kwa familia nyingi za bara, huyo babu hayuko mbali sana.

Sasa turudi kwa taco. Tortilla ya mahindi haitengenezwi kwa unga kama wetu. Mpishi wa Mexico huchukua mahindi makavu, anayachemsha kidogo kwa maji yenye chokaa (ile ya chakula, si ya kupaka ukuta), anayaacha yalale humo usiku mzima. Asubuhi anayaosha, maganda yanatoka, kisha anayasaga yakiwa bado mabichi mpaka yawe donge. Njia hiyo inaitwa nixtamal, neno la Kinahuatl, lugha ya Waazteki, na ndani yake kuna neno linalomaanisha majivu.

Hiyo si mbwembwe ya mpishi. Mahindi yana niasini, vitamini moja ya kundi B, lakini imefungwa ndani ya punje kiasi kwamba mwili hauipati vizuri. Chokaa ndiyo inaifungua. Wazungu walipobeba mbegu, hawakubeba ujuzi huo. Matokeo? Maskini waliokula mahindi karibu peke yake walipata ugonjwa wa pellagra: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika, mwisho ni kifo. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal aliueleza huko Asturias, Hispania. Karne mbili baadaye ulikuwa unaua maelfu kusini mwa Marekani. Wengi walidhani ni wa kuambukiza, mpaka Joseph Goldberger, kuanzia 1914, akaonyesha kwamba tatizo ni chakula. Niasini yenyewe ilitambuliwa kuwa dawa yake mwaka 1937. Akina mama wa Mexico walikuwa wameshalimaliza tatizo hilo jikoni, zamani sana, bila maabara.

Sisi tulipokea mahindi kutoka kwa mikono ile ile isiyojua chokaa. Kinachoniuma ni kwamba ujuzi wa karibu nao tulikuwa nao. Magharibi ya Kenya watu huchuja maji ya majivu na kupikia mboga za kienyeji ziwe laini. Nyumba nyingi hutia magadi kwenye githeri iive haraka. Majivu, magadi, chokaa, zote ni za ukoo mmoja. Tulikuwa na jibu kwenye sufuria ya jirani.

Na si historia tu. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu ya aflatoxin yaliua watu 125, wengi wao Ukambani. Kuchemsha kwa chokaa na kuosha vizuri hupunguza sumu hiyo, ingawa hakuwezi kufanya mahindi yaliyooza yawe salama. Tangu 2012 sheria inataka unga wa pakiti uongezwe vitamini na madini. Sawa, lakini mahindi ya shamba yanayosagwa kwa posho mill ya kijiji hayapiti huko. Wanaoyala ni wale wale ambao siku nyingine hawana kitu cha kuteremshia ugali.

Ndiyo maana mimi sioni mkahawa wa Mexico Nairobi kama mahali pa kupigia picha tu. Ukienda, uliza swali moja: tortilla zenu ni za ngano au za mahindi? Za ngano si feki. Kaskazini ya Mexico wanazila tangu Wahispania walipoleta ngano. Nachos nazo zilianza miaka ya 1940 huko Piedras Negras, mji wa mpakani na Marekani. Taco al pastor ina damu ya shawarma, ililetwa na wahamiaji wa Lebanoni. Mexico yenyewe imechanganya, na haijapoteza jina lake. Lakini kama mkahawa unatoza bei ya harusi kwa mkate wa ngano ambao mama yako anaupika Jumapili, huyo jamaa wa "umeibiwa" ana hoja.

Wakikuambia ni za mahindi yaliyolala kwenye chokaa, lipa bila kununa, halafu waulize chokaa wanaitoa wapi. Mahindi tunayo, kuanzia Trans Nzoia hadi Narok. Mexico watu waliandamana 2007 kwa sababu ya bei ya tortilla. Hapa 2011 watu waliandamana kwa sababu ya unga. Tunabishana kila mwaka kuhusu bei ya pakiti ya kilo mbili. Ni wakati tuulize pia ndani ya hiyo pakiti mwili unapata nini, na kwa nini somo la chokaa lifundishwe Westlands peke yake.