Star Trek na wageni wasioaga

Tarehe 13 Mei 2005, kituo cha televisheni cha UPN nchini Marekani kilirusha kipindi cha mwisho cha Star Trek: Enterprise, baada ya misimu minne na vipindi 98. Mashabiki walikaa tayari kumuaga Nahodha Archer na mabaharia wake wa anga. Walichokuta ni William Riker na Deanna Troi, wahusika wa The Next Generation, tamthilia iliyokwisha mwaka 1994. Maisha ya Archer yakageuzwa maigizo ya kompyuta, ambayo Riker anayatazama ili apate ujasiri wa kutatua jambo lake mwenyewe. Mhandisi Trip Tucker, kipenzi cha wengi, akafia humo humo. Na hotuba ya Archer, ambayo kipindi kizima kilikuwa kikiielekea, hatukuisikia: kabla hajafungua kinywa, Riker aliamuru mtambo uzimwe.

Waandishi wa kipindi hicho, Rick Berman na Brannon Braga, walisema wamewaandalia mashabiki zawadi. Jolene Blalock, aliyemwigiza T'Pol wa kikosi cha Archer kwa misimu yote minne, alikiponda kipindi hicho hadharani, na baadaye Braga mwenyewe akakijutia. Kwangu mimi hakuna saa chungu kuliko hiyo katika historia yote ya Star Trek, kwa sababu haikuwa ajali. Ilikuwa tabia ya kuwarudisha wahusika wa zamani, iliyolelewa kwa miaka 18.

Mwanzo wake ulikuwa wa heshima. Gene Roddenberry, aliyebuni Star Trek ya 1966, alipoleta The Next Generation Septemba 1987, alitaka kizazi kipya kijitegemee. Dakta McCoy wa zamani, akiigizwa na DeForest Kelley, alipewa dakika chache tu katika kipindi cha kwanza. Ni mzee wa miaka 137, anajikongoja kwenye korido pamoja na Data, mmoja wa kikosi kipya. Hata jina lake halitajwi. Anakitakia heri chombo kipya, kisha anakwenda zake moja kwa moja.

Novemba 1991 ikaja zamu ya Spock, mwenzake McCoy wa tamthilia ya 1966, katika vipindi viwili vya "Unification", mwezi mmoja tu kabla ya filamu ya sita ya Star Trek kuingia sinema. Hapo biashara ilishaanza kushika usukani.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sijaona aliyepewa jembe lake vizuri kama Scotty katika "Relics", kipindi kilichoandikwa na Ronald D. Moore na kurushwa Oktoba 1992. Mhandisi huyu wa Star Trek ya kwanza anatolewa kwenye mtambo wa kusafirishia watu alimojihifadhi kwa miaka 75, anakuta elimu yake imepitwa na wakati, na vijana wa chumba cha injini wanamwona msumbufu. Geordi La Forge, mhandisi wa chombo kipya, anamfokea. Kisha Scotty anakwenda kuunda kwa kompyuta chumba cha usukani cha chombo chake cha zamani, anakaa humo peke yake na kinywaji. James Doohan aliigiza uzee wenyewe: kuwa fundi hodari katika dunia isiyokuhitaji. Uwepo wake ndio hadithi, na La Forge anatoka humo akiwa amekua.

Worf wa The Next Generation naye alihamia tamthilia ya Deep Space Nine mwaka 1995 ili kuvuta watazamaji, lakini waandishi wakampa vita, ndoa na ujane. Alibaki hadi tamthilia ilipokwisha mwaka 1999, akiwa mwenyeji kamili.

Enterprise haikuwa na subira hiyo. Hadithi yake inatokea miaka mia moja hivi kabla ya Kirk, nahodha wa Star Trek ya kwanza, lakini mwaka 2002 ikawaleta Waferengi na 2003 ikawaleta Waborg, maadui ambao binadamu wa wakati huo hawapaswi kuwafahamu. Ikabidi wageni hao wapite bila kutajwa jina hata mara moja. Nguvu iliyotumika kuficha utambulisho wao ingetosha kubuni adui mpya.

Toka hapo mlango haukufungwa. Filamu ya 2013 ilimrudisha Khan, adui wa zamani wa Kirk, tamthilia ya Discovery ikampa Spock dada wa kulelewa ambaye hatukuwahi kumsikia, na mwaka 2023 msimu wa tatu wa Picard ukakusanya karibu kikosi chote cha The Next Generation.

Marejeo ninayoyatetea kwa moyo wote ni ya Uhura katika tamthilia ya Strange New Worlds, iliyoanza 2022. Nichelle Nichols alimwigiza miaka ya 1960, hata akazungumza Kiswahili katika vipindi viwili, lakini mara nyingi aliachiwa kupokea simu za anga. Huyu wa Celia Rose Gooding ni binti wa Kenya anayejua lugha 37, na kipindi cha pili kizima kinasimama juu yake. Alikuwa anaidai hadithi hiyo.

Kirk hadai chochote. Hata hivyo aliingia mwishoni mwa msimu wa kwanza, akarudi mara kadhaa katika wa pili, na Scotty akamfuata. Rubani Erica Ortegas, mhusika mpya aliyekuwemo tangu siku ya kwanza, alisubiri hadi 2025, karibu na mwisho wa msimu wa tatu, ndipo akapewa "Terrarium", kipindi anachokibeba yeye tangu mwanzo hadi mwisho. Kilikuwa miongoni mwa vipindi bora vya msimu ule.