Afande na Ombasha: Kituruki Kilivyofika Uganda

Dada yangu anajifunza Kituruki huko Nakivale, kwa daftari na simu, akitumaini kupata ufadhili wa serikali ya Uturuki. Nilipotoka Mbarara kumtembelea, alinisomea sentensi zake: Evdeyim, yaani niko nyumbani, Gelmeyecekler, hawatakuja. Kisha akasema kwamba Mturuki akipokea simu huitika Efendim? Nikacheka. Kwetu neno hilo ni afande, na mara nyingi tunalitamka tukiwa tumeshika karatasi zetu mbele ya polisi.

Efendi kwa Kituruki ni bwana, na -m ya mwisho ni "wangu". Lilifikaje Uganda? Njia yake ni ya kijeshi. Muhammad Ali, aliyetawala Misri tangu 1805 chini ya Milki ya Osmani, aliunda jeshi lenye vyeo vya Kituruki, na mwaka 1820 jeshi hilo likaanza kuiteka Sudani. Vyeo vikashuka kusini pamoja na askari hadi jimbo la Ekwatoria, lililotawaliwa baadaye na Emin Pasha. Khartoum ilipoanguka mikononi mwa wafuasi wa Mahdi mwaka 1885, askari hao walikuwa wamekatiwa njia ya kurudi. Mwaka 1891 Lugard, baada ya kupita hapa Ankole, aliwakuta karibu na Ziwa Albert wakiongozwa na Selim Bey, akawaandika jeshini na kuwaleta pamoja na wake na watoto wao. Wajerumani nao walikuwa wameajiri Wasudani mjini Cairo mwaka 1889 ili kupigana na Abushiri, ndiyo maana jeshi lao la Tanganyika lilikuwa na maombasha na mashaushi.

Hapo ndipo sarufi inaponisaidia kuliko kitabu cha vita. Ombasha ni onbaşı: on ni kumi, baş ni kichwa, -ı ni "chake". Kumi, kichwa chake. Yaani mkuu wa watu kumi. Yüzbaşı ni wa mia, binbaşı wa elfu. Mturuki husikia hesabu ndani ya cheo. Sisi tulipokea neno zima, hesabu ikapotea njiani.

Lakini sikubali kwamba neno la mkopo hubaki mgeni. Lugha hizi mbili zote hushonea viambishi kwenye mzizi, ila Kituruki hushonea nyuma. Katika gel-me-yecek-ler, mzizi "ja" unatangulia, kisha ukanushi, wakati ujao na wingi; katika ha-wa-ta-kuja tunakifikia kitenzi mwishoni. Kadhalika Waturuki husema efendiler, nasi tukaweka wingi wetu mbele: maafande. Mwenye neno leo ni nani?

Jambo moja sikulitarajia. Walioleta neno hili la amri hawakuwa mabwana kwao. Walikuwa watu waliotenganishwa na makwao, na wajukuu wao, Wanubi wa Bombo, waliendelea kuitwa wageni kwa miaka mingi. Nilimweleza dada. Hakujibu, aliinamia daftari akatunga sentensi yake ya kwanza isiyotoka kwenye simu: Efendim, evde değilim.

Afande, siko nyumbani.