Vitabu Kuelekea Ziwani: Tarehe Fupi ya Maktaba za Umma Tanzania

Miaka zaidi ya sitini imepita tangu Bunge la Tanganyika, kwa Sheria Namba 39 ya mwaka 1963, lilipoasisi Bodi ya Huduma za Maktaba. Na katika kuikumbuka tarehe hiyo, jambo ninalopenda wasomaji wa Buseresere na jirani zao wa Katoro, mkoani Geita, walizingatie ni kwamba maktaba ya umma katika nchi hii ilistawi kila ilipokubali kumfuata msomaji mahali alipo, na kwamba mikoa inayolizunguka Ziwa Viktoria ilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo ambapo jambo hilo lilijaribiwa kwa dhati.

Kabla ya sheria hiyo, aliyetamani kusoma akiwa mbali na mji alitegemea masanduku ya vitabu na vifurushi vya posta vilivyopelekwa na East African Literature Bureau, ofisi iliyoundwa mwaka 1948. Maktaba chache zilizokuwapo mijini hazikumfaa mtu wa kawaida, ama kwa sababu ya ada yake, ama kwa sababu ya lugha ya vitabu vyake. Mwaka 1960 mkutubi Sidney Hockey aliziandikia serikali za Afrika Mashariki taarifa ya kupendekeza huduma moja ya maktaba kwa kila nchi, na pendekezo hilo ndilo lililozaa Bodi. Tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kumbukumbu ya Uhuru, Rais Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Baadaye uongozi wa huduma za maktaba ukashikwa na Ezekiel Kaungamno, Mtanzania ambaye aliamini, na akaandika, kwamba vitabu hujenga mataifa.

Lakini jengo, hata likiwa zuri namna gani, lilikuwa mbali mno na mkulima wa Geita. Mwaka 1968 Serikali, ikishirikiana na UNESCO, ilianzisha mjini Mwanza mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa kwa mikoa minne: Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, na Buseresere, iliyokuwa wakati huo katika wilaya ya Biharamulo, ikaingia katika eneo hilo. Vitabu vya madarasa vilipangwa kwa kufuata riziki za watu, mkulima akisoma habari za pamba, mvuvi habari za nyavu na samaki, mwenye migomba habari za ndizi, na mfugaji habari za ng'ombe. Upesi ikadhihirika kwamba mtu mzima aliyejua kusoma, akakosa cha kusoma, husahau kama asiyejifunza kamwe. Ndipo zikaanzishwa maktaba za vijiji, na mwaka 1974 likatoka Mwanza gazeti la wasomaji wapya lililoitwa *Elimu Haina Mwisho*.

Haya ndiyo ninayoyaona kuwa kiini cha tarehe yote. Maktaba ya kijiji aghalabu ilikuwa rafu katika chumba cha shule, yenye vijitabu vyembamba vya herufi kubwa, juu ya kilimo, afya, siasa na hadithi, na kando yake daftari la kuazimia. Katika daftari hilo mtu mzima aliandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe, naye ndiye yule ambaye zamani alitia dole gumba katika karatasi za chama cha ushirika bila kujua uzani ulioandikwa humo. Hapo kitabu kilimpa haki yake mizanini kabla ya kumpa fahari. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 nchini walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Mtihani wa taifa wa 1975 uliwakuta wamebaki 39.

Dhiki ya uchumi iliyofuata ilikausha karatasi na fedha, na rafu nyingi za vijijini zikabaki tupu. Hata hivyo Bodi, iliyokuwa imepata sheria mpya mwaka 1975, ilidumu, na mwaka 1989 ikafungua Bagamoyo chuo cha kuwafunza wakutubi.

Liko jambo moja ambalo kwa maoni yangu limechelewa mno, nalo ni maktaba kuitunza tarehe ya wenyeji. Dhahabu ya Geita ilijulikana kwa Wajerumani mwaka 1898, ikachimbwa kwa mgodi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kazi mwaka 2000. Lakini masimulizi ya Wazinza waliotangulia katika eneo hili la Geita, ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe na pamba yao, na ya wachimbaji wadogo walioshuka maduarani wakapata au wakapoteza kila kitu, yamo vifuani mwa wazee kuliko vitabuni. Hati za mtafiti Hans Cory juu ya mila za Wasukuma ziko mbali, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mfano mwema uko karibu zaidi: huko Bujora, Kisesa, Padri David Clement alisaidia kuanzisha makumbusho ambamo vitu vya watemi, vifaa vya mhunzi na vya mganga vimetunzwa palepale vinapocheza vikundi vya ngoma vya Wagika na Wagalu, hata mwenyeji huingia akayakuta ya babu zake yakitajwa kwa majina yake.

Utaratibu wa kulitenda hili upo. Halmashauri ikitoa jengo, Bodi huweza kuleta vitabu na utaalamu. Nao walimu wa Buseresere, wakiwa na kinasa sauti na daftari, wanaweza kuanza msimu huu kwa wazee walioiona barabara ya Buseresere kabla ya maduka.