Mtambo wa Muda wa Moduli wa Kutibu Majitaka

Kiwanda cha minofu ya samaki hutumia maji kutwa kucha. Sakafu huoshwa, visu huoshwa, sangara mwenyewe huoshwa, na maji yote hayo hutoka na damu, magamba na mafuta. Ukuta wa bwawa la majitaka ukibomoka, au mtambo wa kudumu ukitakiwa kufumuliwa na kujengwa upya, wenye kiwanda hubaki na mawili: kusimamisha kazi, au kuleta mtambo mwingine ukae uani mpaka ule wa zamani urudi. Huu wa uani ndio ninaopendekeza uitwe mtambo wa muda wa moduli wa kutibu majitaka. Jina ni refu, lakini hakuna neno la kupunguza.

Moduli linajulikana vyuoni: sehemu ya kozi inayojitosheleza. Katika mitambo maana ni ileile. Ni sehemu iliyokamilika, yenye kazi yake, iliyoundwa na kujaribiwa ilikotengenezwa, ambayo ikifika huunganishwa na nyingine kwa mabomba na nyaya za umeme. Majitaka yakiongezeka, moduli huongezwa, yakipungua, huondolewa. Kusema “mtambo wa vipande” kunapotosha, maana kipande ni kitu kilichokatwa kwenye kizima na peke yake hakifanyi kazi. “Mtambo wa kontena” unaeleweka haraka, kwa sababu moduli nyingi hufungwa ndani ya kontena la futi 20 au 40 ili zibebwe na lori la kawaida. Ila jina hilo linataja sanduku tu, na zipo moduli zinazokuja juu ya trela au kwenye fremu tupu ya chuma.

Kuhusu kutibu nina msimamo mkali zaidi. “Kusafisha” kunaahidi kupita kiasi. Jirani wa kiwanda akilisikia anaweza kudhani maji yanayotoka ni ya kuchota. “Kuchakata” linasikika sana siku hizi, lakini tunachakata korosho na data pia, na huko tunachokitafuta ni bidhaa. Kutibu majitaka ni kuyapunguzia madhara hadi kiwango kilichowekwa. Kanuni za Tanzania na za Kenya zinataka BOD ya majitaka yanayomwagwa kwenye mazingira isizidi miligramu 30 kwa lita. BOD ni oksijeni ambayo bakteria wataitumia wakila uchafu uliomo majini, nayo hupimwa kwa siku 5 katika nyuzijoto 20. Siku hizo ni nyingi mno: jibu likitoka, maji yaliyopimwa yameshafika ziwani kitambo. Kwa hiyo mwendeshaji hufuata COD, kipimo cha kikemikali kinachotoa jibu ndani ya saa chache, na BOD hubaki kuwa ya kuthibitisha.

Ndani ya mtambo, majitaka hupita kwanza kwenye chujio la kunasa magamba na vipande vya nyama, kisha kwenye tangi la kusawazisha, ili maji mengi ya zamu ya kuosha yasiuzidi nguvu mtambo kwa mkupuo mmoja. Halafu hutiwa shabu au dawa ya jamii yake. Ni shabu ileile ambayo watu hutumia majumbani kutuliza maji ya tope. Chembe zilizokuwa zimetawanyika hushikana zikawa mabonge. Sasa chungulia tangi linalofuata. Maji yaliyoshindiliwa hewa kwa presha huachiliwa kutoka chini. Presha ikishuka, hewa hujitenga kwa viputo vidogo mno, na maji hugeuka meupe kama tui. Viputo hunasa mabonge na mafuta na kupanda nayo. Juu hutanda povu zito la rangi ya kahawia, na reki zinazokwenda polepole hulikwangua na kulitupa kwenye mfereji wa pembeni.

Uchafu ulioyeyuka haupandi na viputo. Huo huachiwa bakteria, kwa njia ambayo Edward Ardern na William Lockett waliitangaza Manchester mwaka 1914. Walipuliza hewa kwenye majitaka, wakayaacha yatulie, wakamwaga maji ya juu na kubakiza tope, kisha wakajaza majitaka mapya juu ya tope hilohilo. Mara ya kwanza kazi ilichukua wiki kadhaa. Tope lilipoongezeka, ikatosha siku moja. Kwa Kiswahili tope hilo linafaa kuitwa tope amilifu. Hadi leo baadhi ya moduli hufanya hivyohivyo, tangi moja likijazwa, likipulizwa hewa, likitulizwa na kumwagwa kwa zamu.

Hapa ndipo neno “wa muda” linapohitaji uangalifu. Masikio yetu yamezoea kibanda cha muda, kitu cha mabati chakavu. Katika istilahi hii, muda ni wa kukaa tu, nao haupunguzi ubora: kiwango cha BOD kilichoandikwa kwenye kanuni hakitofautishi mtambo wa kukodi na wa kudumu. Tena mtambo unaweza kuunganishwa kwa siku chache, lakini bakteria hawaunganishwi kwa spana. Wakiachwa wazaliane wenyewe, zitapita wiki kabla maji hayajafikia kiwango. Mwendeshaji anayejua kazi huagiza gari la majitaka lilete tope amilifu kutoka mtambo mwingine unaofanya kazi vizuri, likiwa bado bichi, na kulitia tangini kama mbegu. Hata hivyo bakteria hao hupewa chakula kidogokidogo, maana waliozoea majitaka ya mjini hawajazoea mafuta ya sangara.

Povu lililokwanguliwa na tope lililozidi havipotei mtambo ukipakiwa kwenye lori. Mkataba wa kukodi useme nani anavikamua maji, nani anavisafirisha na vinapokelewa wapi, na useme hivyo kabla moduli ya kwanza haijashushwa uani.