Unamjua Staa, Je, Unamjua Aliyeisogeza Kamera?

Muvi ikibamba, sifa zote zinakwenda kwa staa. Zikibaki, dairekta naye anaonjeshwa. Lakini kinachokufanya ushike roho mkononi kabla mtu hajafungua mdomo, mara nyingi ni kamera: imesogea, imepanda, au imeinama. Na kila mwendo una historia yake, na nyuma yake kuna jamaa aliyetoa jasho ambaye mtaani hakuna anayemjua.

Turudi mwanzo. Desemba 28, 1895, jijini Paris, ndugu wawili wa familia ya Lumière waliwaonyesha filamu zao watu waliolipa kiingilio. Kila filamu haikufika hata dakika moja, na kamera ilisimama tu kwenye miguu yake mitatu. Mwaka uliofuata, mpiga picha wao mmoja alikuwa Venice, mji wa mifereji, akapanda na kamera yake kwenye boti. Boti ikaenda, majengo yakaanza kupita. Watazamaji wakajikuta wanasafiri wakiwa wamekaa kwenye viti!

Mwaka 1914 Waitalia wakaja na Cabiria. Humo kamera iliwekwa kwenye kigari chenye magurudumu, ikasogea taratibu. Faida yake? Majumba waliyoyajenga kwa ajili ya filamu yakaonekana yana kina, siyo kama pazia lililochorwa.

Sasa ikaja Ujerumani, 1924, na filamu ya bubu Der letzte Mann. Ni habari ya mzee anayefungua mlango wa hoteli kubwa, anajidai na koti lake la vifungo vinavyong'aa. Kwenye filamu hata jina hana. Anashushwa cheo, anapelekwa kuhudumia chooni. Mwanzoni kamera inamtazama kutoka chini, unamwona mkubwa. Akishaporomoka, inamtazama kutoka juu na yeye anasinyaa. Kwenye sini ya ulevi, mpiga picha alijifunga kamera kifuani akawa anayumba nayo, na wewe unayumba. Maandishi ya kueleza karibu hayapo kabisa, maana kamera inaongea.

Hapo ndipo wengi wanakariri: engo ya chini ni ubosi, engo ya juu ni unyonge. Siyo kila siku. Kwenye Citizen Kane ya 1941, tajiri ameshindwa uchaguzi, na sakafu ilitobolewa ili kamera ikae chini kabisa. Anaonekana jitu, ndiyo, lakini dari nalo linaonekana, kama limemkalia kichwani. Ukubwa wake umegeuka upweke. Engo ileile, maana tofauti. Dairekta wake, Orson Welles, aliliweka jina la mpiga picha Gregg Toland pamoja na lake kwenye ukurasa mmoja wa majina. Heshima ya aina hiyo ilikuwa adimu.

Maana ona yaliyotokea 1958. Alfred Hitchcock alitaka mtazamaji wa Vertigo aonje kizunguzungu cha mtu anayeogopa urefu. Suluhisho likawa kamera isogee upande mmoja huku zumu ikivuta upande wa pili. Ngazi inarefuka mbele ya macho yako na tumbo linakukata. Hitchcock mwenyewe alisimulia kwamba kuinyanyua kamera juu ya ngazi halisi kungekula dola 50,000, hivyo wakatengeneza ngazi ndogo, wakailaza ubavu, gharama ikawa dola 19,000. Mbinu hiyo imeigwa dunia nzima, mpaka kwenye Jaws ya 1975, pale ufukweni. Aliyeibuni ni mpiga picha Irmin Roberts, na kwenye majina ya Vertigo hakuandikwa.

Leo simu inazunguka, inapaa kwa droni, inavuta zumu, na haidai kutoboa sakafu. Ndiyo maana video kibao zinazunguka mpaka unachoka, na hujui zinazunguka kwa nini. Wale wazee walihangaika kwanza na swali moja: huyu mhusika anasikiaje moyoni? Mwendo ulikuja baadaye, kama jibu.

Kwa hiyo unayeshuti video ya mshikaji wako wikiendi hii, anza na swali hilo. Na wewe unayeipandisha hiyo video, andika na jina la aliyeshika kamera.