Treni ya Stima Iko Mowlem

Treni ya kwanza ya umeme ya Hornby, kampuni ya vitu vya kuchezea ya Uingereza, iliuzwa mwaka wa 1925, na ingeweza kuua mtoto. Haikuwa na transfoma. Waya ilitoka kwenye stima ya nyumba, ikapitia balbu ili kupunguza nguvu, kisha ikaingia kwenye reli zilizotandazwa sakafuni, pale watoto wanapotambaa.

Niliposoma hivyo nilicheka, halafu nikanyamaza. Eastlands waya za kuvutwa usiku tunazijua, na matanga yake pia.

Watengenezaji walijifunza. Hornby Dublo ya 1938 ilitumia volti 12: transfoma inashusha stima, mkondo unanyooshwa, na ukibadilisha pande za waya treni inarudi nyuma. Mpaka leo treni nyingi ndogo zinakula volti hizo 12.

Sisi je? Reli ilifika Nairobi 1899, Kisumu 1901, na laini ya Thika ikafunguliwa 1913. Mvuke kwanza, kisha dizeli. Treni ya Ruiru bado inapita Mutindwa na Dandora ikitoa moshi, na hata SGR ya 2017 ni dizeli. Tanzania walianza kubeba abiria kwa stima 2024, Dar hadi Dodoma. Guka wangu, aliyekuwa fundi wa reli na akaishi Muthurwa, hatasafiri tena hadi Dar. Kwa hivyo treni ya stima ikabidi aletewe nyumbani: reli ya milimita 9, juu ya mlango mkuukuu uliolazwa kwenye ndoo nne.

Shida ya kwanza unaijua. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma pale Gitaru na Kenya nzima ikaingia giza. (Tumbili alipona.) Agosti 2023 tukalala gizani tena. Hizo ni zile kubwa. Zile za kila wiki hakuna anayeziandika. Token ikiisha, treni inasimama kwenye kona, na guka anasema, "Inangoja signo."

Nikaenda Luthuli nikanunua betri ya volti 12, ile ndogo ya alamu, ya ampea-saa 7. Chaja inaijaza stima ikiwepo. Treni yenyewe haili hata nusu ampea, so jioni nzima inatosha. Lakini betri si mpole. Bisibisi ikiangukia reli zote mbili, mkondo wote unatoka kwa mpigo na waya inayeyuka. Hivyo fyuzi ya ampea 1, karibu kabisa na betri, kabla ya kitu kingine chochote. Hilo sikujadiliana na mtu.

Shida ya pili ilinisumbua zaidi. Treni ilikimbia vizuri karibu na betri, ikifika upande wa pili inachoka kama mtu amepanda ngazi za ghorofa ya sita. Nilidhani mota imekufa. Nikapima kwa mita: hapa 12, kule 8. Viungo vya reli vilikuwa vinakula stima, na vumbi la Kangundo Road likisaidia.

Guka akaniuliza, "Injini ya mvuke ilikunywa maji wapi?"

"Steshini."

"Steshini ngapi? Ama ulidhani tangi moja la Mombasa lingeifikisha Kisumu?"

Basi nikapitisha waya mbili nene chini ya ule mlango, na kila baada ya nusu mita nikachomelea kwa risasi tawi la kupanda hadi kwenye reli. Reli nikazipangusa kwa spiriti. Kule mbali mita ikasoma 11 na kitu.

Jumamosi iliyopita saa mbili usiku stima ikapotea, ploti nzima. Majirani wakapiga kelele kama kawaida. Mezani taa ndogo ya injini ilikuwa inakaribia Dandora yetu ya karatasi. Nikainuka kutafuta mshumaa.

"Kaa chini," guka akasema. "Iache ifike."